Kabla hujanunua DNA ya laki tatu na nusu

"Shikamoo Mwalimu. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita hapa Tanga mjini. Wanafunzi wa kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia) wakikaa pamoja, ni 52. Mkuu wa shule amekubali kutoa shilingi 400,000 za modeli za molekuli, na amesema hizo ndizo za mwaka mzima. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ana modeli kubwa ya DNA ya kusimamisha mezani kwa 350,000. Inapendeza kweli. Ana pia seti ndogo za mipira na vijiti kwa 28,000 kila moja, ila mwenzangu wa kemia anasema hizo ni za somo lake, si za baiolojia. Mwingine ofisini ananiambia nisipoteze hela, video za kwenye simu zinatosha. Wanafunzi wangu wanajua kuchora glukosi na DNA vizuri tu. Lakini nikiwauliza kwa nini ugali unatushibisha na kamba ya mkonge haiwezi, wakati vyote viwili ni minyororo ya glukosi, wanabaki kunitazama. Ninunue nini?"

Marahaba, mwalimu, na pole kwa hesabu hiyo ya kugawa laki nne kwa mwaka mzima. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona jibu la ununuzi limo ndani ya lile jambo uliloliandika karibu na mwisho, la ugali na kamba. Wanafunzi wako wanaichora glukosi, lakini wanaijua kama umbo la pembe sita lililopachikwa herufi juu na chini. Daftari ni bapa na molekuli si bapa. Tofauti yote kati ya ugali na kamba imo katika kile ambacho daftari haliwezi kukibeba. Basi bei tuziweke kando kidogo, tuanze na umbo.

Chukua atomu moja ya kaboni. Ina bondi nne, yaani mikono ya kushikana na atomu nyingine, na bondi hizo hazikai kama msalaba tunaouchora ubaoni. Zinatawanyika pande zote kwa usawa, nyuzi 109.5 kati ya moja na nyingine. Ukitaka kuwaonyesha kwa gharama ya mabaluni tu, jaza mabaluni manne yenye ukubwa sawa, uyafunge pamoja midomoni, kisha uyaachie. Yatajipanga yenyewe kwa umbo hilo, kwa sababu kila moja linamsukuma mwenzake mbali. Usiwalaumu wanafunzi kwa kuona msalaba. Mkemia August Wilhelm Hofmann alipoonyesha modeli za molekuli mjini London mwaka 1865, kwa mipira ya mchezo wa kroketi iliyounganishwa kwa vijiti, kaboni yake ilikuwa bapa vilevile. Mpaka 1874 ndipo wakemia Jacobus van 't Hoff na Joseph Le Bel, kila mmoja kivyake, walipopendekeza kwamba bondi za kaboni zinaelekea pande nne za nafasi. Rangi za Hofmann zimedumu hadi leo: kaboni nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, nitrojeni buluu. Hakikisha seti utakayonunua inazifuata, na siku ya kwanza kabisa waambie wanafunzi kwamba atomu haina rangi. Usiposema, utakuja kusoma kwenye mtihani kwamba oksijeni ni nyekundu.

Sasa tuje kwenye glukosi yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo pesa zako zitafanya kazi. Pete yake ina kaboni tano na oksijeni moja, na kaboni ya sita imechomoza nje. Mwanafunzi akiijenga kwa mikono ataona pete haikubali kulala bapa mezani. Inajikunja kama kiti cha uvivu, upande mmoja umeinuka na mwingine umeshuka. Kisha anafika kwenye kaboni namba moja, na hapo OH, yaani oksijeni iliyoshikana na haidrojeni, inaweza kukaa mahali pawili. Wanafunzi wengi wamekariri kwamba alfa ni chini na beta ni juu. Mwambie ageuze modeli kichwa chini miguu juu, halafu umuulize tena. Kanuni yake imekufa mkononi mwake. Mfundishe kulinganisha na ile kaboni ya sita iliyochomoza: OH ikiwa upande mmoja nayo ni beta, ikiwa upande wa pili ni alfa. Hata akiigeuza vipi, jibu halibadiliki.

Kisha aunganishe glukosi mbili, kaboni namba moja ya hii na kaboni namba nne ya ile, na molekuli moja ya maji itoke. Glukosi za alfa zikiungana, kila kiungo kinapinda kidogo kuelekea upande uleule, na mnyororo unajizungusha kama springi. Huo ni wanga, ndio ugali. Glukosi za beta haziungani hivyo. Ili viungo vikutane, kila glukosi ya pili lazima igeuzwe juu chini, na mnyororo unatoka umenyooka kama rula. Minyororo iliyonyooka hulala ubavu kwa ubavu, ikashikwa na bondi za haidrojeni, yaani mivuto midogo kati ya mnyororo na jirani yake, nyingi mno, na ndiyo selulosi inayoupa uzi wa mkonge nguvu ya kufunga jahazi. Amilesi, kimeng'enya cha kukata wanga kilicho kwenye mate yetu, ina mfuko uliokaa sawa na kiungo cha alfa. Kiungo cha beta hakiingii humo. Hata ng'ombe hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kazi hiyo, bali bakteria na vijidudu wengine wa tumboni mwake ndio wanaomkatia selulosi. Mtoto wa Tanga ameuona mkonge tangu hajaanza shule, mashamba yako njiani kila anapokwenda Muheza au Korogwe. Akiijenga minyororo hii miwili kwa mikono yake, hutahitaji tena kumuuliza swali lile na yeye abaki kukutazama.

Sasa unaona kwa nini sikubaliani na mwenzako wa kemia, pamoja na heshima yote. Glukosi haijui iko kipindi cha nani. Alichosema kina chembe ya ukweli hata hivyo: seti nyingi zimepangwa kwa ajili ya kemia ya kaboni, kwa hiyo zina kaboni na haidrojeni za kutosha lakini oksijeni za kuhesabika. Niliwahi kununua seti za namna hiyo kwa kuangalia picha ya kwenye boksi, na darasani oksijeni zikaisha kabla pete haijafungwa. Wanafunzi walikaa dakika arobaini na vipande visivyokamilika, na kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo usimuulize muuzaji kama seti ni nzuri. Mwambie afungue boksi na uhesabu. Glukosi moja ya pete inataka kaboni 6, oksijeni 6, haidrojeni 12 na vijiti 24. Pungufu ya hapo, iache.

Ukihesabu, chunguza pia matundu. Kaboni iwe na manne, oksijeni mawili, haidrojeni moja, nitrojeni matatu au manne. Hapa nataka nikupe swali moja ambalo mimi hulitumia kwa kila zana ya namna hii, iwe ya plastiki au ya udongo: inakataa nini? Kaboni yenye matundu manne inakataa bondi ya tano. Mwanafunzi akijaribu kuipachika hakuna pa kuiweka, na anajisahihisha bila wewe kufungua mdomo. Mpira laini wa sponji ambao unaweza kuchomekwa kijiti popote haukatai chochote, kwa hiyo unakubali na makosa yote. Upande wa pili kuna seti ambazo vipande vyake vinaingiliana kwa njia moja tu, kama fumbo la picha la watoto wadogo. Hizo zinakataa kila kitu, na mwanafunzi anamaliza kazi bila kufikiri. Unachotafuta ni seti inayomwachia nafasi ya kukosea, kisha kosa lenyewe liwe na maana. Kwa mfano, kundi likikosea kuweka OH ya kaboni namba nne, likaielekeza upande wa pili, halijaharibu kitu. Limejenga galaktosi, mojawapo ya sukari mbili zinazounda sukari ya maziwa. Simamisha darasa waione.

Hesabu yako basi. Wanafunzi 52 ni makundi 13 ya wanne wanne. Seti 13 kwa 28,000 ni shilingi 364,000, na unabaki na 36,000. Kila kundi lijenge glukosi moja, halafu makundi yaungane meza kwa meza hadi mnyororo wa glukosi 13 utambae darasa zima. Maji yatakayotoka ni molekuli 12, waambie wazikusanye kwenye sahani mbele. Fanyeni ya alfa leo, ya beta kipindi kijacho. Kundi la watu wanne ndiyo mwisho wangu, kwa kuwa wakifika sita wawili wanajenga na wanne wanapiga soga.

Na ile DNA ya kung'aa? Sitaki kuidharau. Ukiwa na ukumbi mkubwa na pesa ya ziada, modeli kubwa iliyotengenezwa vizuri inaonyesha kitu ambacho mipira midogo haiwezi, yaani mzunguko mzima na mifereji yake miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Lakini kwako itashikwa na mtu mmoja, ambaye ni wewe, na 52 watatazama. Kisha itarudi kabatini. Isitoshe, modeli nyingi za mapambo zina makosa. Siku ukipata fedha ya kuinunua, nenda na vipimo hivi. DNA ya kawaida ina upana wa nanomita 2, na mzunguko mmoja kamili una urefu wa nanomita 3.4 wenye jozi kumi hivi za besi, yaani vile vipande A, T, G na C vinavyooana kuwa ngazi zake. Kwa hiyo modeli yenye upana wa sentimita 20 inapaswa kupiga mzunguko mmoja kila sentimita 34. Modeli ya ukubwa huo imekuza mara milioni 100. DNA ya seli moja ya binadamu, ambayo ukiinyoosha ina urefu wa mita 2 hivi, kwa kipimo hicho ingefika kilomita 200,000, ikaizunguka dunia mara tano. Wanafunzi wape hesabu hiyo waifanye wenyewe, wataipenda.

Kipimo cha pili ni upande inakosokotwa. Isimamishe wima, utazame uzi ulio mbele yako. DNA ya kawaida imesokotwa kuelekea kulia, kwa hiyo uzi wa mbele unapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, kama mstari wa katikati wa herufi Z. Kamba nyingi za nyuzi tatu zinazouzwa mjini zimesokotwa hivyohivyo. Ingia dukani na kipande cha kamba mfukoni, ukilinganishe. Modeli na michoro iliyosokotwa kinyume ni mingi kuliko unavyodhani, hata kwenye nembo na mabango ya kitaaluma. Kisha tazama kama nyuzi mbili zinaelekeana kinyume, mmoja unapanda na mwingine unashuka, na kama A na T zimeshikwa kwa bondi mbili za haidrojeni, G na C kwa tatu. Modeli ambayo ngazi zake ni vijiti vya aina moja vilivyopakwa rangi tofauti itawafundisha wanafunzi wako kwamba uoanishaji ni suala la rangi.

Hayo yote unaweza kuyapata kwa ile 36,000 iliyobaki, na hapa nazungumza kwa moyo wangu wote. Mwanzoni mwa mwaka 1953, Cambridge, James Watson alikuwa akisubiri karakana imtengenezee besi za bati kwa ajili ya modeli yake na Francis Crick, ile iliyofumbua umbo la DNA. Zilichelewa. Akakata besi za karatasi ngumu, akawa anazisogeza mezani. Mwanzoni alikuwa ameweka haidrojeni mahali pasipo pake, kama vitabu vya wakati ule vilivyoonyesha, na vipande havikukubaliana. Mkemia Jerry Donohue alimsahihisha, akakata upya, na ghafla jozi ya A na T ikawa na umbo na upana uleule wa jozi ya G na C. Picha ya eksirei iliyotoka katika kazi ya Rosalind Franklin na vipimo vyake ndivyo vilivyowapa umbo la jumla, na uwiano wa besi uliopimwa na Erwin Chargaff ukapata maelezo. Lakini kile kitendo cha jozi kukaa sawa kilitokea kwenye vipande vya karatasi.

Omba maboksi matupu madukani Ngamiani. Kata A na G ziwe ndefu, kwa sababu zina pete mbili, na T na C ziwe fupi zenye pete moja. Ukingoni, A na T zipate meno mawili, G na C matatu. Usiwaambie nini kinaoana na nini. Wape sharti moja tu: kila ngazi iwe na upana sawa na nyingine. Watagundua kwamba ndefu inahitaji fupi. Mmoja atajaribu A na C, upana utakubali, meno yatakataa. Uti wa ngazi uwe kamba mbili za katani, na bondi za haidrojeni ziwe njiti za ufagio wa chelewa ambazo zinachomoka kwa urahisi. Wakishamaliza, waambie watenganishe nyuzi mbili kama seli inavyofanya inapojiandaa kugawanyika. Njiti zitachomoka na kamba zitabaki nzima, na wataona kwa macho kwamba bondi ya haidrojeni ni dhaifu kuliko bondi za uti. Halafu waziunganishe tena na kuzisokota kuelekea kulia.

Kwa protini sinunui kitu. Waya wa umeme wenye ganda na shanga kumi na tano za rangi nne zinatosha kila kundi: njano ni asidi amino (vipande vinavyounda protini) zinazokimbia maji, nyeupe zinazopenda maji, nyekundu na buluu zenye chaji. Sharti ni moja, kwamba njano zote zijifiche ndani. Waya utajikunja kwa namna tofauti kila kundi, kwa sababu mpangilio wa shanga ni tofauti, na huo ndio moyo wa somo zima la umbo la protini. Kisha nenda kwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni kwenye damu, na mnyororo wake uitwao beta (jina tu, si beta ya glukosi) una asidi amino 146. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kwamba kwa mgonjwa wa selimundu imebadilika moja tu, ile ya sita, asidi glutamiki yenye chaji ikawa valini inayokimbia maji. Toa shanga nyekundu ya sita, weka njano, na mahali hapo ni juu ya protini, nje kabisa. Njano iliyo nje inatafuta pa kujificha. Himoglobini ikishaachia oksijeni, doa hilo linajichomeka kwenye jirani, jirani kwa jirani mwingine, hadi zinakuwa fimbo ndefu zinazoikunja seli ikawa kama mundu. Lipo jambo la kuangalia hapa. Katika darasa la watu 52 wa pwani huenda mna mwenye ugonjwa huo au mwenye ndugu aliye nao. Usimwombe yeyote aeleze hali ya ukoo wake mbele ya wenzake. Atakayekufuata baadaye akitaka kujua hali yake, mwelekeze hospitali akapimwe na kupata ushauri. Somo lako halichukui nafasi ya kipimo.

Video sizikatai. Plastiki haitikisiki, na molekuli za kweli haziachi kutikisika hata sekunde moja. Hilo video inalionyesha vizuri kuliko modeli yoyote. Ila ionyeshe baada ya mikono kufanya kazi. Anayetazama tu haulizwi chochote na anachokitazama, na utando wa seli au kimeng'enya vinampita kama tamthilia.

Kuhusu seti zenye sumaku, ambazo huonyesha jinsi molekuli za maji zinavyovutana: ni nzuri na ghali, na kwa bajeti yako bado. Ukizipata kwa msaada, kumbuka sumaku kali huota kutu ganda lake likipasuka, na upepo wetu wa chumvi haungoji. Zaidi ya hilo, mtoto akimeza sumaku mbili zinaweza kubana utumbo katikati yake na kuutoboa. Usisubiri dalili, mpeleke hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Usilipe kwa picha za kwenye simu. Kama huwezi kufika Dar es Salaam, mwambie muuzaji atume seti moja kwanza kwa basi, uikae nayo mezani pamoja na huyo mwenzako wa kemia, mjenge glukosi na asidi amino moja mpaka mwisho. Vijiti vikivunjika au vikiwa vigumu kuchomoa, kidato cha tano watavimaliza kwa muhula mmoja. Na ukiwa na mwanafunzi asiyeona au mwenye uoni hafifu, zungumza ana kwa ana na mwalimu wa elimu maalumu kabla ya kununua. Modeli hizi zinaweza kuwa njia yake bora kuliko zote, lakini rangi hazitamsaidia. Utahitaji kuweka alama za kupapasa kwenye mipira, nundu moja ya gundi kwa oksijeni, mbili kwa nitrojeni.

Kila seti ikae kwenye kopo lake lenye namba, na ndani ya kifuniko ubandike karatasi: kaboni 6, oksijeni 6, haidrojeni 12, vijiti 24. Kundi lihesabu kabla ya kufungua na tena kabla ya kufunga, dakika tano kabla kengele haijalia, na mmoja aweke saini.